Ngoma Isiyomwona Mchezaji

Katika shule za awali na za msingi za Dar es Salaam imezuka desturi ya kufundisha ngoma kwa kioo. Mwalimu hutafuta katika simu yake video ya watoto wanaocheza, huiunganisha simu na runinga au spika, huwapanga wanafunzi mistari mistari, kisha huwaambia wafuatishe wanachokiona. Baada ya wiki mbili tatu, darasa huwa tayari kwa mahafali au kwa siku ya wazazi. Nimeiona desturi hii hapa kwetu Mabibo, katika shule za serikali na za watu binafsi, na napenda kusema mapema kwamba walimu wanaoifuata si wavivu. Wengi wao ni vijana wenye moyo, waliopewa somo ambalo chuoni hawakulifanyia mazoezi ya kutosha, pamoja na watoto wengi kuliko nafasi iliyopo.

Kwa hiyo sikusudii kuilaumu simu. Wazee wanaolaumu kila chombo kipya huwa hawasikilizwi, na mara nyingi hiyo ndiyo haki yao. Ninachotaka ni kuipima desturi hii kama mhakiki anavyopaswa kuupima mchezo wa kuigiza au shairi: inadai kufanya nini, inafanya nini hasa, na kati ya hayo mawili pana umbali gani. Inadai kufundisha ngoma. Tuone kama inafundisha.

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana tatu, na wasemaji hawaoni haja ya kuzitenganisha. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo wenyewe, yaani miguu, nyonga na mabega. Na ngoma ni shughuli nzima, kama tunaposema kwamba kwa fulani leo kuna ngoma, tukimaanisha watu, chakula, vumbi na kukesha. Mtu akiniambia kwamba anafundisha ngoma, nina haki ya kumwuliza ni ipi kati ya hizo tatu, na zile mbili nyingine kaziweka wapi.

Tazama jinsi zinavyoshikana. Mpigaji hodari hatazami ngozi ya ngoma yake. Mikono yake inaijua, hivyo macho yake yako huru, naye huyaweka kwenye miguu ya wachezaji. Akiona wamechoka hupunguza mwendo. Akiona binti mmoja ameshika vizuri, humpigia yeye, humpandisha, humpa pigo la kumalizia ili apate kukata kiuno na kurudi nafasini mwake. Mchezaji naye huisikiliza ngoma akingoja ishara. Haya ni mazungumzo, na mazungumzo hayawezi kufanywa na upande mmoja. Upo upande wa tatu, wa watazamaji, ambao kazi yao si kutazama tu. Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wakisema jambo la kawaida lililoonekana kila siku: mtu hutoka pembeni, huingia uwanjani, humfunga mchezaji leso au humwekea sarafu kwenye paji la uso. Hutunzwa kwao kwa sababu huko ndiko wanakomjua, wanakokumbuka kwamba mwaka jana alikuwa hawezi.

Mtoto alijifunzaje katika hali hiyo? Kwa kufuata nyuma. Wazaramo wa mji huu wana mdundiko, ngoma inayotembea, ambayo wachezaji wake hupita mitaani na ngoma zao. Mtoto aliyesikia vumi kwa mbali alitoka mbio, akajiunga mkiani mwa msafara. Hakuna aliyemwambia sasa inua mguu wa kulia. Mbele yake palikuwa na migongo ya wakubwa, pembeni yake watoto wenzake, na ardhi yenyewe ilitikisika chini ya nyayo zake. Alikosea bila kuonekana mpaka alipopatia. Mguu wa kulia wa aliyekuwa mbele yake ulikuwa upande mmoja na mguu wake wa kulia. Jambo hili dogo msomaji alikumbuke, maana nitalirudia.

Sasa, yapo makosa ambayo tunaisingizia mashine ilhali yalianza kabla yake. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere aliwasema wasomi wa wakati ule waliojua rumba, chachacha na twisti kuliko ngoma za wazazi wao, akatangaza wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni na bugobogobo ya Wasukuma zikatoka makwao zikaja majukwaani na viwanjani, zikachezwa na watu wa makabila yote mbele ya taifa zima. Hilo lilikuwa jema, na mtoto wa Kihaya aliyeweza kucheza sindimba alikuwa tunda la jema hilo. Kikundi hicho hatimaye kilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni taasisi, TaSUBa.

Lakini kwenda jukwaani kulikuwa na gharama. Duara lilifunguliwa likawa mstari, kwa kuwa mgeni rasmi hakupaswa kuona migongo. Mchezo wa usiku kucha ukawa wa dakika tano. Mpigaji, aliyekuwa katikati, akasogezwa pembeni. Ngoma iliyokuwa ya jando au ya mavuno ikawa ya kupokea ndege. Shule zikaiga jukwaa, na vizazi vya wanafunzi wa shule za msingi vikajifunza kwamba ngoma ni kitu kinachochezwa kwa kumwelekea mkubwa aliyeketi kivulini. Televisheni ilipoanza, Zanzibar mwaka 1973 na Bara mwaka 1994, iliikuta ngoma imekwisha kugeuzwa uso upande mmoja. Kamera ikaipiga picha hivyo hivyo. Kwa hiyo kioo hakikulivunja duara. Kimefanya kitu kingine: kimemwondoa hata yule mpigaji wa pembeni, na yule mkubwa wa kivulini ambaye angalau alikuwa anatazama.

Mwishoni mwa mwaka mmoja wa karibuni nilialikwa kwenye mahafali ya darasa la awali hapa Mabibo. Shule sitaitaja, kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote kati ya nyingi. Watoto kama hamsini walitoka wamevaa vizuri, vibwebwe kiunoni na njuga za vizibo vya soda miguuni. Ngoma ya kupigwa haikuwapo hata moja. Runinga iliwekwa ukingoni mwa jukwaa ikiwaelekea watoto, hivyo sisi wageni tuliona mgongo wake. Mwalimu alisimama kando na simu mkononi. Nilikaa mahali ambapo, nikijipinda kidogo, niliweza kukiona kioo na watoto kwa pamoja, na nilijifunza mengi.

La kwanza lilikuwa lile la kulia na kushoto. Mwanamke aliyekuwa katika video alicheza akitutazama. Alipoinua mkono wake wa kulia, baadhi ya watoto waliinua wa kushoto, kama mtu anavyofanya mbele ya kioo cha kujitazamia, na baadhi waliinua wa kulia kwa kuwa walikwisha kufundishwa darasani kulia ni wapi. Kila kundi lilikuwa na haki. Waligongana viwiko wimbo mzima, na mwalimu akawa anawakazia macho wale waliofikiri.

La pili lilinishangaza zaidi. Video ile ilitengenezwa kwa ufundi, na mafundi wa picha hawapendi kuonyesha kitu kimoja muda mrefu. Mara ilionyesha wachezaji wote, mara nyuso zao tu, mara mikono, mara mti na jua linalozama. Kila nyuso zilipojaa kwenye kioo, watoto walisimamisha miguu wakatabasamu. Picha iliporudi kwenye miguu, miguu yao ikarudi. Hawakuwa wamekosea. Waliambiwa wafuatishe, nao walifuatisha kila kitu kwa uaminifu.

La tatu lilikuwa simu kuita. Muziki ulikatika, kioo kikabadilika, na watoto hamsini wakakauka mahali walipokuwa, mmoja akiwa na mguu juu. Wazazi walicheka, mwalimu akaikata simu, wimbo ukaanza upya tangu mwanzo, na watoto nao wakaanza upya tangu mwanzo. Katika ngoma ya kawaida ngozi ikipasuka, na hupasuka, watu hupiga makofi na kuendelea kuimba mpaka nyingine ipashwe moto, kwa sababu mwendo uko ndani ya wachezaji. Hapa mwendo ulikuwa ndani ya simu.

La nne nililiona nilipogeuka kuwatazama wageni. Karibu kila mzazi alikuwa ameinua simu yake akimrekodi mwanawe, akimtazama kupitia kioo chake kidogo. Watoto walitazama kioo chao kikubwa. Mwalimu alitazama simu yake isije ikaita tena. Katika uwanja wa watu zaidi ya mia moja sikuona jicho lililokutana na jicho.

Huo ndio umbali ninaousema. Kilichofundishwa pale ni kufuatisha picha, nao ni ujuzi, sikatai, lakini si ngoma. Mtoto hakujifunza kusikia mapigo na kuyajibu. Hata kuyasikia hakuweza, maana spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito. Hutoa chapuo, hutoa uimbaji, ila vumi hubaki kama kikohozi cha mbali, na vumi ndiyo inayoupiga mwili kifuani na kuuambia mguu lini ushuke.

Baada ya kusema hayo, haki inanitaka niseme pia kile ambacho mashine inatoa, nacho si kidogo. Utaratibu wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali na mmoja kwa watoto 45 wa msingi, lakini tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa mengi ya jiji yamevuka hesabu hiyo kwa mbali. Mwalimu wa darasa kama hilo, aliyezaliwa Rukwa na kupangiwa kazi Dar es Salaam, atalijuaje guu la mdundiko? Video humwonyesha. Humwonyesha mara ishirini bila kuchoka, na akitaka humwonyesha polepole, jambo ambalo mchezaji wa kweli hulifanya kwa shida, kwa kuwa guu likipunguzwa sana huanguka. Mtoto asiyesikia huona katika video kile ambacho masikio hayampi. Haya ni manufaa ya kweli.

Upo pia utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo. Baadaye Radio Tanzania ilituma mafundi wake mikoani na kukusanya hazina kubwa ya kanda. Tunawashukuru wote. Lakini kanda hubeba sauti tu. Vijana wanaoisikiliza leo ngoma ya wakati huo huisikia njuga, wasiuone mguu ulioitikisa. Simu ya bei nafuu iliyo mfukoni mwa mama lishe inaweza leo kufanya ambalo gari zima la redio halikuweza. Hilo ndilo jambo kubwa ambalo teknolojia hii ingetufanyia, na ndilo ambalo katika shule zetu halifanyiki. Tunaitumia kuleta ngoma za mbali, hatuitumii kuzihifadhi za karibu.

Watetezi wa kioo wana hoja nyingine, ya mafanikio. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na Uviko-19, kikundi cha Fenómenos do Semba cha Angola kilikuwa kimejirekodi kikicheza wimbo wa Afrika Kusini, Jerusalema, sahani za chakula mkononi, na wauguzi, polisi na watawa katika nchi nyingi wakajifunza mchezo ule kwa simu. Kabla ya hapo, mwaka 2014, watoto wa Kampala walionekana duniani kote katika video ya wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo, na mwaka 2023 kikundi chao, Ghetto Kids, kikafika fainali ya mashindano ya vipaji ya televisheni nchini Uingereza. Je, hizo si ngoma zilizofundishwa na kioo?

Nimeitafakari hoja hii, na naona inanipa nguvu zaidi kuliko inavyonidhoofisha. Wauguzi waliojifunza Jerusalema walikuwa watu wazima, ambao miguu yao ilikwisha kujua kutembea na mapigo. Tena walicheza pamoja, wakitazamana na kuchekana, na simu iliwekwa pembeni kama shahidi. Ama wale watoto wa Kampala, itazame video yao: wanacheza juu ya udongo mtupu, wao kwa wao, kila mmoja akimchokoza mwenzake. Kamera imewakuta wakijua. Walichokipeleka duniani walikuwa wamekipata uani, na mtoto wa Mabibo anayewafuatisha kwenye kioo anapokea matunda bila mche.

Labda mtu atasema kwamba dosari ni ya video tu, na kwamba zitakuja mashine zinazoona. Zilikwisha kuja. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa Dance Dance Revolution, ambao mchezaji husimama juu ya mkeka wenye mishale na kukanyaga kwa kufuata mishale inayopanda kwenye kioo. Mashine hujua kama umekanyaga mahali sahihi na kwa wakati sahihi, nayo hukupa alama. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, lilianza mpango wa kuupeleka mchezo huo katika shule zake zote za umma, 765 kwa idadi, ili kupambana na unene wa watoto. Kisha mwaka 2010 Microsoft ikatoa Kinect, kamera iliyoweza kuutambua mwili mzima wa mchezaji. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2017.

Mpango ule wa West Virginia nauheshimu, kwa sababu ulidai kutokwa jasho, na jasho lilitoka. Lakini kwa mizani yetu tuone kilichokosekana. Mashine ile iliiona miguu, ikaihukumu, lakini haikubadili mwendo wake hata kidogo kwa ajili ya miguu hiyo. Mtoto akipatia, alipata alama. Akikosea, alipoteza alama. Wimbo uliendelea vile vile. Mpigaji wa ngoma akimwona mtoto amepotea, hurudia pigo la mwanzo mpaka ampate, ndipo waendelee wote. Kuona bila kujibu ni kazi ya msimamizi wa mtihani.

Naam, nimefika mahali ambapo msomaji atadhani nauchukia umeme. Hapana, na ushahidi wangu hauko mbali. Jirani na Mabibo ni Mburahati, na Mburahati, pamoja na Manzese na Tandale, ni makao ya singeli. Muziki huu una babu zake: vigodoro vya mitaani, na mchiriku wa miaka ya 1990 uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika chakavu. Singeli imetengenezwa kwa kompyuta. Hakuna ngozi, hakuna mti. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya muziki ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, na singeli ikasikika hadi Ulaya. Maneno yake mengi siyapendi, wala sishauri yapelekwe darasani. Lakini nimesimama pembeni mwa vigodoro hivyo nikitazama kwa jicho la mwalimu, nami nashuhudia kwamba hiyo ni ngoma. Anayeimba ameshika kipaza sauti na macho yake yako kwa wachezaji. Humtaja kwa jina binti aliyeingia kati, humpandisha, humtania. Fundi wa mashine hutazama vumbi linavyopanda, akaongeza au kupunguza. Watu wamefanya duara. Mama mmoja anatoka na noti mkononi. Watoto wa miaka mitano wako mkiani, wanafuata nyuma, wanakosea bila kuonekana.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wetu kufanya hivyo. Zamani za Wajerumani na Waingereza, watu wa pwani walizichukua bendi za kijeshi na gwaride lake, wakazifanya beni. Beni ilipofika bara, mahali pasipopatikana tarumbeta za shaba, watu walitengeneza za vibuyu, na mganda wa Ziwa Nyasa unazo hadi leo. Chombo cha kigeni kiliingia katika duara kikakaa humo kama mgeni anayejua adabu. Tofauti kati ya kigodoro cha Mburahati na mahafali niliyoyaeleza si tofauti ya zamani na sasa. Vyote viwili vina spika, vyote vina umeme. Kimoja kina mtu anayepiga huku akiwaona wanaocheza, na kingine hakina.

Basi tufanyeje? Sisi tuliofunzwa ualimu enzi za redio za betri tulifundishwa kwamba kipindi cha redio kina sehemu tatu: kabla, wakati na baada. Kabla, mwalimu huwaandaa watoto. Wakati wa kipindi, huwasimamia. Baada, huizima redio na kuanza kufundisha. Redio haikuweza kumwona mtoto wala haikujidai kumwona, hivyo ilimwachia mwalimu nafasi yake. Video imejaa sana. Ina sauti, ina picha, ina mwalimu wake ndani, na mwalimu wa darasa huona hana la kuongeza. Inafaa turudishe ile sehemu ya tatu.

Kipindi cha madarasa ya chini ni cha dakika 30. Kwa ngoma zinatosha, maana ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii husemwa kwa dharau, lakini mwalimu aichukue kama ratiba. Dakika tatu za mwanzo watoto watazame video, wameketi, bila kufuatisha. Mwalimu awaulize wameona nini: nani anapiga, anamtazama nani, mguu gani unaanza. Kisha kioo kizimwe. Watoto wasimame duara, na mwalimu asimame ndani ya duara hilo akiwa amewapa mgongo baadhi yao, ili kulia kwake kuwe kulia kwao, na ageuke mara kwa mara ili kila upande upate zamu. Ngoma ni ndoo tupu za rangi, zipo kila mtaa, na fimbo zilizofungwa kitambaa. Mtoto mmoja apige, mwenzake acheze, na mpigaji apewe amri moja tu: usiitazame ndoo, itazame miguu ya mwenzako. Wakibadilishana, kila mtoto atakuwa ameonwa mara moja na mwenzake ambaye kazi yake ilikuwa kumwona. Katika darasa la watoto tisini yafanywe maduara sita, na makelele yavumiliwe.

Dakika mbili za mwisho ndipo simu irudi, safari hii ikiwarekodi wao. Wiki ijayo waonyeshwe video yao wenyewe badala ya ile ya wageni. Hapo kioo kitakuwa kimepata kazi kinayoiweza vizuri kuliko mtu, ya kukumbuka. Mtoto aliyeshindwa mwezi wa pili atajiona mwezi wa nne ameweza, kama jirani anayemtunza mchezaji kwa kukumbuka alikotoka.

Kisha simu hiyo hiyo itoke nje ya uzio wa shule. Kata yetu, iliyokuwa ya Kinondoni kabla Manispaa ya Ubungo haijaundwa, imejaa watu wa kila mkoa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilivuta wafanyakazi kutoka pande zote, na soko la ndizi limevuta wengine. Katika nyumba za uswahilini humu wamo mabibi wa Kimakonde, wa Kinyasa, wa Kigogo na wa Kizaramo ambao miguu yao inajua mambo yasiyomo katika simu yoyote. Wengi wao wanazidi umri wangu. Mtaala wa mwaka 2023 umeipa sanaa na michezo nafasi katika elimu ya msingi, na shule yenye nia inaweza kumwalika bibi mmoja kila muhula, ikamkalisha kwenye kiti kizuri, ikampa chai, ikamrekodi akionyesha guu moja tu la kwao. Anayerekodi ashushe simu chini, aonyeshe na miguu.

Gharama ya haya yote ni ndogo: ndoo sita, chai, na mwalimu aliye tayari kuizima runinga baada ya dakika tatu. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu runinga inapozimwa darasa hugeuka na kumtazama yeye, naye huogopa kwamba hajui kucheza. Napenda kumwambia mwalimu huyo kijana kwamba watoto wa miaka sita hawahitaji mwalimu anayecheza vizuri. Wanahitaji aliyemo ndani ya duara, anayepiga ndoo huku akiwatazama.